Moto wa Makumbi: Virusi Vikilala, Mwili Bado Wahitaji Ulinzi



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimfikie, ukurasa huu leo unajibu swali lililotoka mbali kidogo na bahari yetu. Limetoka Meru, kwa mama mmoja wa Kiislamu ambaye dada yake mkubwa anaishi Embu. Majina yao hayahitajiki, na hatutayataja.

Anauliza, kwa ufupi, hivi. Dada yake amekuwa akimeza dawa za ARV kwa zaidi ya miaka kumi bila kukosa. Kila akipimwa damu huambiwa kwamba virusi havionekani. Sasa amepita miaka hamsini, na daktari amemwambia kwamba ana shinikizo la damu, mafuta ya damu yamepanda, na moyo wake wahitaji kuangaliwa kwa karibu. Nyumbani wameanza kunong'ona. Mmoja amesema dawa zimeshindwa. Mwingine amesema dawa zenyewe ndizo zinazomdhuru, kwa hivyo aziache. Wa tatu, Mungu amsamehe, amesema hiyo ni adhabu ambayo bado haijamalizika. Mama huyu anataka kujua: katika maneno haya, lipi la kweli? Na sisi jamaa zake tufanye nini?

Hukumu ya tiba ni ya matabibu, na kila mgonjwa ana daktari wake anayemjua. Lakini kueleza jambo ili watu wasiangamie kwa ujinga ni wajibu wa kila aliyepewa nafasi ya kusema. Basi natanguliza jibu fupi, kisha tulifafanue: dawa hazijashindwa, kuziacha ni hatari kubwa, na maradhi si hati ya dhambi. Kinachomsibu dada yetu kinajulikana, kina sababu, na kina njia za kukikabili.

Tuanze na neema iliyopo. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1984. Mwezi Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Wale tuliokuwa watu wazima wakati ule tunakumbuka mazishi yalivyofuatana. Kisha dawa zikaja, zikawa zatolewa bila malipo katika hospitali za umma, na tangu mwaka 2016 utaratibu wa nchi yetu ni kwamba anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kungoja mwili udhoofike. Leo Wakenya takriban milioni 1.4 wanaishi na virusi hivi, na wengi wao wanafanya kazi, wanaoa, wanaolewa, wanazaa watoto wasio na virusi, na wanawazika wazee wao badala ya wazee kuwazika wao.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba mtu anayemeza dawa zake ipasavyo hata virusi visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya tendo la ndoa. Jambo hili lafaa lirudiwe majumbani, maana ndoa nyingi zimevunjwa kwa hofu ambayo elimu imeshaiondoa.

Sasa, ikiwa virusi vimelala, kwa nini mwili haupumziki?

Wasomaji wetu wa Pwani wanaujua moto wa makumbi. Makumbi ya nazi hayawaki kwa vishindo. Ukiyatazama kwa juu waona majivu yaliyotulia, hata moshi ni haba, lakini ndani yake joto linakula polepole usiku kucha. Hali ya mwili wa mtu aliyeishi na virusi hivi kwa miaka mingi inafanana na moto huo. Wataalamu huiita inflamesheni ya muda mrefu. Tukiisema kwa lugha yetu, ni ule mwako wa ndani ambao mwili huuwasha unapopigana na adui.

Mwako huu kwa asili ni rehema. Ukijichoma mwiba, pahali pale pavimba, pawa pekundu, papata moto, kwa sababu askari wa kinga wamekimbilia hapo. Mwiba ukitoka, askari hurudi makwao na uvimbe hupungua. Tatizo la virusi vya Ukimwi ni kwamba askari hawapati kurudi. Kengele ya vita hulia kwa sauti ndogo miaka nenda miaka rudi, na mwili huishi katika tahadhari isiyokwisha.

Sababu zake ni kadhaa, na nitazitaja tatu. Ya kwanza ni tumbo. Sehemu kubwa ya askari wa kinga yetu wamo katika ukuta wa matumbo, kwa kuwa hapo ndipo mwili unapokutana kila siku na vitu vya nje. Virusi vinapoingia mwilini, katika wiki za mwanzo tu, huwaangamiza kwa wingi wale askari waitwao chembe za CD4 walioko matumboni. Ukuta ule hudhoofika, ukawa kama pakacha lililolegea, na vipande vya bakteria vilivyostahili kubaki tumboni hupenya na kuingia katika damu. Dawa hutengeneza sehemu kubwa ya uharibifu huu, illa si wote. Kinga ikiviona vipande vile katika damu, huendelea kupigana.

Ya pili ni kwamba ARV huvizuia virusi visizaane, lakini haziving'oi vilivyojificha ndani ya chembe zilizolala. Vilivyojificha huchungulia mara kwa mara, na kinga huvihisi. Hiyo ndiyo sababu mtu akiacha dawa, virusi hurudi aghalabu ndani ya wiki chache. Ya tatu ni wageni wengine waliomo mwilini, kama vijidudu vya kifua kikuu na virusi vinginevyo ambavyo wengi wetu tunavibeba bila kujua. Hivyo navyo huiweka kinga macho.

Kuna na jambo la wakati. Mtu aliyechelewa kuanza dawa, kinga yake ikaporomoka sana kabla ya kutibiwa, aghalabu hubaki na mwako mkubwa zaidi. Wengi wa waliougua miaka ya nyuma hawakuwa na budi, kwa sababu dawa hazikuwapo au hazikuwafikia. Wapo na vijana waliozaliwa na virusi ambao mwako huu umekuwa nao tangu utotoni. Hawa hawakutenda lolote. Vilevile wapo wake wengi walioambukizwa ndani ya ndoa ya halali, wakiwa wametulia majumbani mwao. Anayesema neno adhabu na atafakari kwanza ni nani anayemhukumu.

Moto huu wa makumbi unaunguza nini? Zaidi ya vyote, unaunguza mishipa ya damu. Ngozi nyororo iliyotanda ndani ya mshipa huchubuka, mafuta hunasa pale palipochubuka, mshipa hubana, na damu huwa nyepesi kuganda. Mwisho wake waweza kuwa mshtuko wa moyo au kiharusi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulionyesha kwamba mtu mwenye virusi hivi ana hatari takriban maradufu ya maradhi ya moyo na mishipa kuliko asiye navyo, na kwamba mzigo mkubwa umeelemea nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara na sehemu za Asia. Figo, ini na mifupa nazo zaweza kupata taabu mapema kuliko kawaida.

Kwa hivyo daktari wa Embu aliyempima dada yetu presha na mafuta ya damu hakutoka nje ya njia. Alifanya linalopasa kufanywa. Pengine ni kawaida ya umri, pengine urithi wa ukoo, pengine mwako huu umeongeza kuni. Aghalabu ni yote kwa pamoja. Presha ni jambo la watu wote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya wanne au karibu yake, katika watu wazima, alikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Dada yetu amepimwa, akajua. Katika hili yeye ana heri kuliko wengi wanaomnong'ona.

Sasa nalirudia lile neno la hatari kuliko yote: aziache. Msomaji wangu, jambo hili lilikwisha kujaribiwa, si kwa kubahatisha bali kwa utafiti mkubwa uitwao SMART, uliowahusisha watu 5,472 katika nchi 33. Kundi moja liliendelea na dawa bila kukatiza. Kundi la pili lilipumzishwa kila chembe za CD4 zilipokuwa nyingi, kwa dhana kwamba kupumzika kutawapunguzia madhara ya dawa na kuilinda mioyo yao. Utafiti ulisimamishwa mwezi Januari 2006 kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopumzishwa walikuwa wakiugua na kufa zaidi. Hatari yao ya kufa au kupata maradhi nyemelezi ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu. La kushangaza ni kwamba hata maradhi ya moyo, figo na ini yaliwapata wao zaidi kuliko waliokuwa wakimeza dawa kila siku. Walipochunguzwa damu, ilibainika kwamba alama za mwako zilipanda ndani ya mwezi mmoja tu wa kuacha dawa. Basi ARV hazikuwa ndizo kuni. Ndizo zilizokuwa zikiumwagia moto maji.

Jirani zetu wa Tanzania walipata somo lao mwaka 2011, pale maelfu ya watu kutoka pande zote za Afrika Mashariki walipomiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mizizi. Baadhi ya wagonjwa waliacha ARV zao wakiamini wamepona, na hali zao zikarudi nyuma. Nasi Waislamu tusijione tumesalimika. Habasoda na asali ni chakula chema na baraka, na kumsomea mgonjwa dua na kisomo ni sunna isiyokataliwa. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe vidonge kwa kuwa amesomewa, huyo hakuitumikia dini. Dini yetu imetuamrisha kutafuta dawa, na wanazuoni wamebainisha kwamba kutafuta dawa hakupingani na tawakkul. Na iwapo mtu ataka kutumia miti shamba juu ya dawa zake, na amwambie daktari kwanza, maana baadhi ya miti huzipunguza nguvu dawa za hospitali.

Wasiwasi huu umezidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imebeba sehemu kubwa ya huduma za Ukimwi katika nchi yetu. Kliniki kadhaa zilipunguza wahudumu, na watu wengi walishikwa na hofu. Nasaha yangu ni moja: mahali pa kuchukulia dawa pakibadilika, mfuate dawa ilikohamia. Ukielekezwa upange foleni pamoja na wagonjwa wengine, panga. Usikae nyumbani kungoja kliniki uliyoizoea irudi kama zamani. Na sisi jamaa, iwapo mwenzetu amekosa nauli ya kwenda hospitali, nauli hiyo ni sadaka iliyo karibu kuliko nyingi tunazozitafuta mbali.

Hapa ndipo Meru na Embu zinapokutana na Pwani kwa njia nyingine. Milima ya Nyambene kule Meru ndiyo inayotupa miraa. Nchi ya Mbeere kule Embu ndiyo inayotupa muguka. Magari yake hukimbia usiku ili majani yafike Mombasa, Malindi na Lamu yakiwa mabichi. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, serikali kuu ikapinga, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku ile. Leo sitaingia katika hukumu ya kisheria wala katika riziki ya wakulima, miongoni mwao wakiwemo ndugu zetu Waislamu wanaosomesha watoto kwa zao hilo. Nasema tu kuhusu moyo wa mtu mwenye virusi.

Majani haya yana kitu kiitwacho kathinoni, ambacho huuharakisha moyo na kupandisha presha. Humwondolea mtu usingizi na hamu ya kula. Wengi wa watafunaji huongeza sigara, na kinywaji chao ni soda baada ya soda. Mtu ambaye mishipa yake tayari inakula moto wa makumbi hahitaji kuongezewa upepo. Zaidi ya hayo, aliyekesha hadi alfajiri na kulala mchana kutwa husahau saa ya dawa yake, na dawa iliyosahauliwa mara kwa mara huwapa virusi nafasi ya kuamka.

Kuhusu sigara peke yake, utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtu wa miaka 35 mwenye virusi hivi, aliye katika tiba nzuri, hupoteza zaidi ya miaka 12 ya umri kwa sababu ya sigara, na takriban miaka 5 kwa sababu ya virusi. Matabibu husema hivyo kwa hesabu zao. Nasi tunajua kwamba ajali iko mikononi mwa Mola, na kwamba kuihifadhi nafsi ni amri yake. Mwanamume anayemeza ARV asubuhi kisha akavuta paketi nzima jioni, amefunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Basi ni lipi la kufanya? Nitayagawa mambo haya katika mafungu mawili, la hospitalini na la nyumbani.

Hospitalini, iwe ni hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, ya Kimethodisti kule Maua, au zahanati iliyo karibu nawe hapa Pwani, usiridhike na kuchukua chupa ya dawa na kuondoka. Omba upimwe presha kila uendapo. Uliza lini utapimwa sukari, mafuta ya damu na figo. Mwambie daktari ukweli kuhusu sigara, muguka na dawa nyingine unazotumia. Ukipewa dawa ya presha, imeze kama unavyomeza ARV, yaani kila siku, hata ukijihisi mzima, kwa kuwa presha haina kelele.

Zipo pia dawa ziitwazo statini, ambazo hupunguza mafuta ya damu na kutuliza mwako wa mishipa. Utafiti uitwao REPRIEVE ulizijaribu kwa watu 7,769 wenye virusi, wa umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, na karibu thuluthi moja yao walikuwa wanawake. Wote walikuwa katika ARV, na kwa vipimo vya kawaida hawakuhesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya moyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalikuwa kwamba waliomeza statini walipata mashtuko ya moyo, viharusi na mfano wake kwa uchache wa asilimia 35 kuliko wasiomeza. Hii ni habari njema. Hata hivyo msizinunue dukani kwa kusikia. Zipo statini zisizopatana kabisa na baadhi ya ARV, na daktari ndiye ajuaye ipi yafaa na kwa nani.

Kadhalika wanaomeza dolutegravir, ambayo ndiyo iliyo katika kidonge cha wengi hivi sasa, wajue kwamba dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu huweza kuizuia isiingie mwilini sawasawa. Kina mama waja wazito, ambao hupewa vidonge vya chuma, waulize vipishanishwe vipi. Mwenye kisukari anayetumia metformin naye amkumbushe daktari, kwani kipimo chake huhitaji kuangaliwa.

Nyumbani, tiba nyingi imo mikononi mwa anayepika. Punguzeni chumvi katika mchuzi na mafuta katika karai. Viazi vya karai, bajia na mahamri si haramu, lakini vinapokuwa chakula cha kila asubuhi na kila magharibi, mshipa hulipa. Kule Meru na Embu mahindi na maharagwe na kunde vipo, na mboga za majani zipo, na huo ni utajiri. Sisi tuna samaki, mchicha na matembele. Wengine, na hasa wanawake, huongezeka uzito baada ya kuanza dawa za sasa. Wasilaumiwe wala wasichekwe. Washikwe mkono watembee. Kutembea kwa nusu saa kwa mwendo wa haraka, siku nyingi za wiki, kunaupunguza mwako huu, na hakuhitaji fedha. Usingizi wa kutosha nao ni dawa.

Ramadhani ikifika, wengi huuliza kuhusu funga. Dawa ya mara moja kwa siku yaweza kumezwa wakati wa kufuturu au wa daku, na kwa hivyo wengi walio na afya njema hufunga bila taabu. Lakini mwenye presha isiyotulia, kisukari kinachoyumba au figo dhaifu na amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na akiambiwa asifunge, asione haya kuipokea ruhusa aliyopewa na Mola wake. Na mjane aliye edani asikose siku yake ya kliniki, wala asizuiwe na mtu. Wanazuoni wamekwisha kueleza kwamba kutoka kwa haja kama hiyo kunaruhusiwa.

Nimeliacha la mwisho makusudi, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Wakenya wa miaka 15 hadi 64, asilimia 6.6 ya wanawake walikuwa na virusi, na wanaume asilimia 3.1. Yaani mzigo huu umewaelemea wanawake maradufu, na mara nyingi mwanamke ndiye anayepimwa kwanza, akiwa mja mzito, na ndiye anayelaumiwa kwanza. Matokeo yake ni kwamba akina mama hutoa vidonge chupani na kuvifunga katika kitambaa ili visisikike vikigongana. Humeza dawa chooni. Hukosa dozi mgeni anapolala chumbani mwao. Hawathubutu kusema kifua kinawabana, wasije wakaulizwa dawa gani nyingine wanatumia. Mwanamke wa namna hii aweza kufa kwa moyo huku virusi vyake havionekani, na waliomwua wakawa ni ndimi za watu wa nyumbani.

Kusengenya kumekatazwa hata kama lisemwalo ni kweli, na kumsitiri Muislamu ni ibada. Sheria ya nchi nayo, ile ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi, imekataza kutoa habari za afya ya mtu bila ya ridhaa yake na imekataza kumbagua. Lakini tusingoje mahakama. Nyumba yenye mgonjwa ijiulize: je, dawa yake ina mahali pa wazi pa kukaa? Yupo mtu mmoja anayemkumbusha kwa upole? Yupo anayejua kwamba mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au kifua kikibana na jasho baridi likimtoka, ni kukimbilia hospitali saa ile ile, wala si kungoja asubuhi wala kusema ni upepo mbaya? Nanyi waume, ikiwa mke wako amekwenda kupimwa, nawe kapimwe. Kujificha nyuma ya majibu yake si uanaume.

Kwa mama wa Meru, basi, jibu langu ni hili. Mwambie dada yako kwamba tiba yake imefaulu, ndiyo maana amefikia umri wa kupambana na presha kama wazee wengine. Aendelee na ARV, aongeze dawa ya presha kama alivyoambiwa, na asimwache daktari wake. Nanyi jamaa zake waambieni wanaonong'ona kwamba neno lao limepimwa, likapatikana halina ukweli. Kisha muwe mkimpigia simu, si kumuuliza amepata wapi, bali kumuuliza presha yake ya leo ni ngapi, na kama ametembea.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu lina haki ya kuangaliwa miaka yote, bila ya aibu na bila ya kelele. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wa Meru, Embu, Pwani na kila mahali, awape subira wanaowauguza, na azifunge ndimi zetu zisiwe sababu ya maangamizi ya waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.